Mashine Aliyoichagua Nasriya kwa Kidole

Nasriya binti Thani bin Hisham bin Zahor. Zahor ndiye aliyetoka Nizwa na nyundo tatu ndani ya mfuko wa ngozi, akafika Unguja, akafua mipini ya majambia mpaka mabwana wakubwa wakawa wanamngojea yeye barazani, si yeye kuwangojea wao. Hisham, mwanawe, ndiye aliyemtengenezea binti mmoja wa Mkunazini kidani kizito hata bibi harusi akaegemezwa mito miwili asije akainama mbele. Thani, mwana wa Hisham, alikuwa mtu mfupi, mkimya, na fedha yake ukiigonga kwa ukucha inalia. Kila alichokifanya alikipiga chapa ya nyota, ndogo kama punje ya ufuta. Huyo ndiye baba. Na Nasriya ni mtoto wake wa pekee: aliyevuta mvukuto akiwa na miaka tisa, aliyekuja Maskati mwaka wa sabini na moja akiwa na miaka kumi na tatu, yeye na baba yake, na koleo la baba limeshonewa ndani ya mto wa kulalia, na aliyefungua duka la usonara Darsait peke yake, mwanamke, zamani zile ambapo wanaume walikuwa wakiingia, wakaangaza macho huku na huku, wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Naye akiwajibu, "Umeshamuona. Sema shida yako."

Nnamjua tangu Unguja. Tulikaa dawati moja skuli, na hapa Darsait tumekaa mlango kwa mlango miaka mingi. Kwa hivyo ninayoyasema sikuhadithiwa na mtu.

Duka lake liko chini ya ghorofa tunayokaa, baina ya dobi na mkahawa wa chai ya maziwa, karaki. Ndani mna meza moja iliyoungua pembeni, fuawe, tupa za kila namna zimepangwa ndani ya kopo la maziwa, kisahani cha tanakari ya kulehemia, na mtungi wa gesi wenye bomba la moto. Kwa moto ule mmoja Nasriya amelehemu vidani, kekee za mikononi, pete, ala za majambia, na miguu ya miwani ya nusu ya wazee wa Darsait. Hakuwa na mashine. Akiulizwa alikuwa akisema mashine ni za watu wasiojua kupuliza.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, akaja Ghassan, mtu wa wizarani, mpole, amechukua kitambaa cha hariri mikono miwili kama aliyebeba mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na mitali ya mama yake, Bi Buthaina. Mitali ni mapambo ya miguu, duara nene la fedha lenye uwazi ndani, na ndani mwake mmetiwa vijiwe ili bibi harusi akitembea asikike. Hiyo Thani ndiye aliyeifanya, mwaka wa hamsini na nane, kwa harusi ya Bi Buthaina mwenyewe. Nyota iko pale pale karibu na bawaba. Na katika nyumba ile bibi harusi hatolewi mbele ya wanawake ila awe amevaa mitali ya bibi. Sasa binti yake Ghassan, Rawya, alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, na mtali mmoja umepasuka kwenye bawaba.

Nasriya aliuangalia, akasema ni kazi ya asubuhi moja, njoo Jumapili.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana mwenyewe halifichi. Fedha ya zamani haipelekwi motoni mpaka kila kiungo kimekwanguliwa kutazamwa kama kuna risasi, ile madini laini ya kuzibia. Mafundi wa vivi hivi huziba fedha kwa risasi, kwa kuwa inayeyuka upesi na haitaki ujuzi. Lakini ukija kuipasha moto wa kweli, ile risasi inaingia ndani ya fedha na kuila kama mchwa. Nasriya anajua hayo kuliko mtu yeyote. Anakwangua kila kitu. Siku ile hakukwangua. Aliiona nyota ya baba yake, akasema ya Thani haina haja, akawasha moto.

Nlikuwepo, nimemletea birika la chai. Bawaba ilididimia mbele ya macho yetu. Si kukatika, kudidimia, kama siagi. Alipofunga gesi palikuwa na tundu la kupita punje ya dengu.

Hakulia. Alikaa akaitazama nyota, tena akasema polepole, "Baba hakuwa akitia risasi." Akanitazama mimi kama kwamba nimebisha.

Siku ile ile alimpigia simu Ghassan akamwambia yote mwenyewe. Ghassan alisema inshallah kheri, Khala, kama vijana wa hapa wanavyowaita mama wadogo, akaomba picha tu ili amuoneshe mama yake. Picha ikafika kwa dada yake, Jumana, na Jumana ana kundi la wasap la wanawake zaidi ya mia mbili. Kufika Ijumaa, picha ya lile tundu ilikuwa imeingia kila nyumba kuanzia Sidab mpaka Sib, na chini yake maneno: Kumbe Sonara Thani alikuwa akitia risasi.

Mtu aliyekufa miaka arubaini iliyopita hana wa kumjibia. Wanawake wawili wakaja dukani kuchukua vitu vyao kabla havijaguswa. Mmoja alisema anaharakia. Mwengine hakusema kitu, na huyo ndiye aliyemuumiza zaidi.

Kisha akaja Loai. Loai ni mtoto wa dada wa marehemu mumewe Nasriya, ana duka la dhahabu Matrah lenye mlango unaofunguka wenyewe. Alikaa juu ya kigoda akapangusa magoti.

"Khala, pumzika sasa. Umefanya kazi ya wanaume kumi. Nipe mimi mtali, mimi nna leza."

"Na jina la baba yangu utaliziba kwa hiyo leza?"

Loai akainuka, akaaga. Basi mambo yalikuwa hayo mawili: mtali uwe mzima kabla ya harusi, na jina la Thani lirudi mahali pake. Na siku zilizobaki zilikuwa kumi na tisa.

Mtu atauliza, kwa nini asikwangue risasi sasa, akalehemu upya kwa moto wake? Mimi nlimuuliza vile vile. Akauchukua mtali akautikisa sikioni mwangu, vijiwe vikalia. Akaniambia ule uwazi wa ndani tupa haifiki. Risasi ya juu ataitoa, lakini kuna matone yameingia ndani, yako kwenye pembe asizoziona. Na moto wa bomba haukai mahali pamoja. Fedha inaupeleka kote, kama sufuria inavyopeleka mpaka kwenye mkono wake. Ukiupasha mtali, yale matone yataamka, yatakula pengine. Alitaka moto unaouma mahali padogo, usiondoke hapo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitaka mashine, na alikuwa na nafasi ya kununua moja tu. Akikosea hapo, hakuna ya pili.

Hadeel, binti yake, ndiye aliyekuwa dereva wetu. Hadeel ni mwalimu wa fizikia skuli ya wasichana, ana miaka thelathini na nne, na tangu utotoni alikuwa akitumwa dukani kutazama tu na kupangusa. Alitaka kumpa mama yake karatasi alizochapa kutoka kwenye mtandao. Nasriya akasema karatasi ataziona baadaye. Kwanza anataka kuona mkono.

Tulianzia kwa Loai, kwa kuwa Nasriya si mtu wa kukataa kitu kabla hajakiona. Ile leza ni kasha kubwa kama mashine ya kufulia, unatia mikono kwenye matundu mawili na unatazama kwa hadubini. Loai aliunga mkufu wa dhahabu mwembamba kama unywele, na kweli, mashallah, hukuona pameungwa wapi. Nasriya alisifu kwa haki. Kisha akafungua kitambaa chake akatoa vipande vya fedha, amevikata kutoka kwenye sarafu za reale kuukuu, fedha ile ile iliyokuwa ikiyeyushwa na baba yake.

"Na hii."

Loai akapiga. Palimetameta na pakabaki kishimo. Akaongeza nguvu, ikatema. Hadeel akaeleza kwamba fedha ni kama kioo, mwanga mwingi inaurudisha ulikotoka, na ule unaoingia inautawanya. Loai akapaka wino mweusi ili mwanga ushike, akapiga tena, pakashika. Nasriya akakipokea kile kipande, akakikunja kwa vidole viwili. Kikalia tik, kikavunjika.

"Kuna leza kubwa zaidi, Khala, hizo zinaiweza," Loai akasema, uso umemwiva. "Lakini nani siku hizi anatengeneza fedha ya zamani? Watu wanaitupa, wananunua mpya."

Nasriya akavikusanya vipande vyake kimoja kimoja, akavifunga. Kwenye gari alisema neno moja tu, kwamba mashine imekosea kidogo, mwenye mashine amekosea sana.

Siku ya pili tukenda Wadi Kabir, kwenye duka la mashine. Muuzaji alikuwa kijana wa Kerala, anasema Kiarabu cha sokoni, mwenye adabu. Akawaona wanawake watatu wa mabuibui, wawili wao wazee, akadhani tunataka cherehani, akatuonesha njia. Nasriya akamwambia anataka mashine ya kuchomelea.

Kijana akajikaza. Akaleta ya kwanza, ya watu wa mageti, ndogo ya kubebeka, akaisifu kwamba inachoma kila kitu. Nasriya akampa kipande cha reale. Hakikuungwa, kilitoweka. Tulitafuta chini. Akaleta ya pili, yenye mikono miwili ya shaba inayobana kitu katikati na kukipiga umeme mara moja. Ilibana, ikapiga, vipande vikashikana. Nasriya akaviachanisha kwa kucha kama anayemenya njugu.

"Mama," yule kijana akasema, "unataka kuunga kitu gani hasa?"

Hilo ndilo swali ambalo Loai hakuuliza. Nasriya akavuta kiti, akamweleza habari ya mtali mwanzo mpaka mwisho, pamoja na risasi, pamoja na tundu. Kijana akasikiliza, akakuna kidevu, akenda nyuma akarudi na kitu kimefunikwa nailoni yenye vumbi. Akasema hii haina wateja, kwa sababu wenye dhahabu wanataka leza na wenye vyuma wanataka ile kubwa.

Ni kisanduku si kikubwa kuliko redio ya zamani. Kina hadubini juu yake, na kalamu yenye sindano ngumu kama ya kushonea viatu. Mtungi mwembamba wa gesi ya argoni unapuliza hewa tulivu pale penye sindano, ili fedha isiungue. Unakigusisha kitu kwenye sindano, kidogo tu, panatoka cheche moja, tap, na panabaki nukta iliyoyeyuka, ndogo kama jicho la mdudu. Basi. Unasogea, unagusa tena.

Nasriya alikaa akajaribu. Cheche ya kwanza, sindano ikanata. Ya pili ikanata. Ya tatu nukta ikawa nyeusi. Kijana akamwambia asisukume, aguse kama anayegusa kope ya mtoto aliyelala, na akaongeza gesi. Ya nne ikang'aa.

Ndipo alipofanya ile kazi yake ambayo mpaka leo wanaisimulia Wadi Kabir. Aliondoa koleo. Akakishika kile kipande kwa kidole na gumba, vitupu, upana wa ukucha kutoka pale penye kiungo.

Kijana akasema hapana, hapana, Mama, kampuni hairuhusu. Hadeel akasema Mama. Mimi nlishika mkoba.

"Kidole changu kikistahimili," Nasriya akasema, "risasi iliyo ndani haitajua kama kuna moto."

Tap. Tap. Tap. Aligusa mara ishirini na tano mfululizo, nnaapa nilizihesabu. Alipomaliza akanipa kidole nikishike. Kilikuwa na joto la gilasi ya chai iliyokwisha kuachwa. Akakunja kipande huku, akakikunja kule, akakikunja mpaka pembeni kwake kukapinda. Pale palipoungwa hapakuvunjika.

Wengine wangelipa hapo hapo. Yeye alirudia mara tatu kwa fedha za namna tatu. Kisha akauliza maswali mpaka kijana akaagiza chai: gesi hii inajazwa wapi, na ikiisha siku ya Ijumaa je? Sindano zinauzwa moja moja au kwa boksi? Anainoa yeye mwenyewe au anapeleka? Akashusha hadubini mpaka ikafika kwenye macho ya mtu mfupi, akataka kuona kama inakaa bila kuteleza. Akauliza mashine ikiharibika nani anakuja. Kijana akasema anakuja mhandisi kutoka Dubai.

"Namba yake ya simu."

Kijana akaandika. Nasriya akaipiga pale pale, mhandisi akapokea, wakaamkiana. Hapo tena akanunua.

Siku tisa alijifunza. Aliunga vijiko vilivyokatika, akaunga pete mbovu, akaunga mkia wa samaki wa fedha aliyekaa kabatini tangu Hadeel hajazaliwa. Sindano zilikuwa zinanata, akizinoa. Karatasi za Hadeel sasa zilitakiwa, na jioni walikaa pamoja, mmoja anasoma, mmoja anagusa. Siku ya kumi, asubuhi, akauweka mtali wa Bi Buthaina chini ya hadubini kuikwangua risasi.

Aliniita kwa kugonga dari. Nikaenda mbio na kanga ya nyumbani. Akanitia macho kwenye hadubini, akanionesha kwa ncha ya sindano. Pembeni mwa tundu kilikuwepo kiungo cha Thani, chembamba, safi, hakina doa. Juu yake, juu ya mikwaruzo ya kuvaliwa miaka na miaka, ndiyo ilipolala risasi, mviringo, kama tone la nta. Kwa hivyo mtali ulivaliwa kwanza, ukakwaruzika, ndipo risasi ikaja. Akaligusa lile tone kwa sindano ya moto, akaniambia ninuse. Palinuka ulimbo. Nakwambieni, palinuka kama duka la fundi wa redio.

Nikamwambia, haya, piga picha, leo hii tuitie kwenye kundi la Jumana, na chini yake tuandike na sisi.

Alifikiri. Nlimuona anataka, maana alikwisha ichukua simu. Akairudisha mezani.

"Kuna mtu wa nyumba ile aliitia. Kwanza nikamuulize mwenye mtali."

Tukenda Hail, kwa Bi Buthaina. Ana miaka themanini na zaidi, amekaa kitandani amejipamba wanja, televisheni inasema peke yake. Tulipewa kahawa na tende, tukaulizana hali za watu wote wa hai na wa kaburini. Nasriya akauweka mtali juu ya shuka, baina yao.

"Bi mkubwa, baada ya baba, huu umeshikwa na nani?"

Bi Buthaina akazima televisheni. Akamwambia msichana wa kazi atoke na afunge mlango. Akauchukua mtali akaugeuzageuza.

"Fundi wa redio," akasema. "Matrah. Mwaka wa sabini na tano."

Akaeleza. Mama mkwe wake, mtu wa Ibra huku Omani, alikuwa na desturi ya kumwambia kwamba vitu vya watu wa Zinjibari vinang'aa tu, havidumu. Siku mbili kabla ya Idi, mama mkwe yuko njiani, mtali ukamponyoka kwenye ngazi, bawaba ikang'oka. Nasriya akamuuliza kwa nini hakuuleta kwa Thani, naye alikuwa hai, na duka lake si mbali.

"Baba yako alikuwa akisali msikiti mmoja na mume wangu. Angemwambia, 'Nimemtengenezea mkeo mtali wake,' kwa uzuri tu. Na mume wangu angemwambia mama yake. Nikaenda kwa mtu asiyemjua mtu. Yule fundi akaushika, akaugeuza, akauliza, 'Mama, hii inashika stesheni gani?'"

Mimi nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Nasriya akacheka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Bi Buthaina alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alipoanza hakuacha, akawa anajipiga paja na kusema miaka khamsini, miaka khamsini nimelibeba.

Tulipokuwa tunaaga, Nasriya akamwambia hakuja kumfedhehesha mbele za watu. Alikuja kujua tu, ili asije akawasha kitu bila kujua mara ya pili. Bi Buthaina akamshika mkono akamtazama sana.

Kazi yenyewe ilichukua asubuhi mbili. Alikata fedha iliyoharibika pembeni mwa tundu mpaka akafika kwenye nzima. Akavuta waya mwembamba kutoka kwenye fedha ya reale, akaanza kulijaza lile tundu, tap, tap, nukta juu ya nukta, mtali ameushika kwa vidole vitupu. Mara mbili palitema moshi, akajua pana risasi imebaki, akasimama, akakwangua, akaendelea. Hadeel alikuwa ameomba ruhusa skuli, kazi yake kutazama geji ya gesi. Nukta zilipozidi mia tatu niliacha kuhesabu. Akasawazisha kwa tupa, akausugua kwa maji ya ukwaju, akaukausha kwa kitambaa, akautikisa. Ukalia.

Harusi ya wanawake ilikuwa Alkhamisi alasiri, ukumbi umejaa udi na manukato. Nasriya alivaa kanzu ya kijani, amekaa safu ya mbele, mgongo wima. Kila aliyepita alimwamkia na kisha akatazama pengine. Ukimya ulipoitishwa tukamsikia Rawya kabla hatujamuona, vijiwe vinalia miguu yote miwili, sawa kwa sawa. Alipofika kwenye kiti chake wanawake wakasogea. Wakasema wanatazama hina. Walikuwa wanatafuta tundu.

Jumana akainama kabisa, amewasha taa ya simu. Akatazama mguu wa kulia. Akatazama wa kushoto. Akarudi wa kulia. Akanyanyua kichwa akamuuliza mpambe, "Ni upi?"

Hakuna aliyejua ni upi. Nasriya alikuwa anakula halwa.

Ndipo Bi Buthaina alipompungia mkono yule mwimbaji, akataka maikrofoni. Tulidhani atamuombea dua mjukuu wake. Akaishika kwa mikono miwili, akasema kwamba anataka watu wote wamsikie, na binti yake Jumana asikie zaidi, kwa kuwa ana wasap.

"Mitali hii ameifanya Thani bin Hisham, na Thani hakutia risasi. Risasi nilitia mimi, kwa fundi wa redio, kwa kumuogopa mama mkwe. Na aliyeuponya ni binti Thani, huyo hapo. Inuka, Nasriya, wakuone."

Nasriya akainuka. Mimi nimehudhuria harusi nyingi katika maisha yangu, sijapata kusikia vigelegele vilivyopigwa kwa fundi. Vilianza safu ya nyuma vikaja mbele, na Jumana alikuwa anapiga na machozi yanamtoka, wanja wote umeshuka. Picha ya nyota ya Thani ilikuwa kwenye kundi kabla hatujafika Darsait, na chini yake Jumana ameandika: Nimekosa, nisameheni. Mwenye fedha ya zamani aende kwa Bi Nasriya.

Jumamosi asubuhi wakaja. Walisimama mpaka kwa dobi. Na ajabu, sasa kila mmoja alikuwa na lake la kuungama. Mmoja kekee yake ameigandisha kwa gundi ya viatu. Mmoja pete ya marehemu mumewe ameifunga uzi akaupaka rangi ya kucha. Bibi mmoja wa Sidab alisema kidani chake kimezibwa na fundi wa mabomba ya maji, na alisema kwa sauti, kana kwamba anashindana. Loai naye alikuja na bahasha ya vitu vya wateja wake, akasimama kwenye msururu kama watu wengine, na Nasriya alimuacha asimame mpaka zamu yake ikafika.

Adhuhuri wote walipokwisha ondoka, Nasriya akavipanga vitu mezani kila kimoja juu ya karatasi yenye jina. Kimoja, kekee nene ya bibi wa Matrah ambaye hakuja mwenyewe, iliyoletwa na mjukuu, akakichukua akakitia mkononi mwa Hadeel. Hadeel akadhani anapewa akioshe.

"Hii yako," Nasriya akamwambia. "Toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi sitaigusa."

Hadeel akaigeuza, akaikuta nyota ya babu yake ndani. Akavuta kiti kwenye mashine, akanyoosha kidole kwenye swichi.

"Nani amekwambia uwashe? Chukua ufunguo wa gari. Nenda Matrah kwa mwenyewe, ukae naye, umuulize imeshikwa na nani kabla yetu. Akikwambia hakuna, mshukuru, uombe kikombe cha pili cha kahawa, na umuulize tena."